Pikipiki Haisubiri Jumapili

Kuanzia Juni hadi Septemba vumbi la Busunzu huwa jekundu na jepesi kiasi kwamba lori moja likipita, linabaki limetanda barabarani mpaka lije lori jingine. Linaingia kwenye maharage yaliyoanikwa, kwenye mikoba ya wanafunzi, na kwenye chujio la hewa la kila pikipiki inayofuata nyuma. Mvua zikianza mwishoni mwa Oktoba, udongo uleule hugeuka tope zito linalojaza nafasi kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka, na hali hiyo huendelea mpaka Mei. Pikipiki ya nyanda hizi za juu za Kigoma haina msimu mwepesi. Ikitoka kusagwa na vumbi inaingia kukwama kwenye tope.

Wala haina wa kuipokea zamu. Busunzu ni kata ya Wilaya ya Kibondo, kwenye barabara iendayo Kasulu, na mambo mengi ya lazima yako mjini upande huu au ule: hospitali ya wilaya, benki, ofisi, duka la spea zinazoeleweka. Pikipiki ndiyo inayompeleka mama mjamzito zahanati usiku, inayombeba mwalimu kwenda shule ya kijiji cha ndani, inayotoa magunia ya mahindi na mihogo shambani hadi barabarani. Yupo mwenye chombo chake, yupo anayeendesha kwa hesabu ya siku, na yupo aliyechukua cha mkataba, ambaye kila jioni anampelekea tajiri kiasi walichokubaliana mpaka siku pikipiki itakapokuwa yake. Wote watatu wana shida moja: wiki imejaa.

Matengenezo yakiachwa yasubiri siku ya mapumziko, hayafanyiki. Jumapili ina ibada, halafu kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, au msiba, au shamba ambalo palizi haijaisha. Mafundi wakifungua injini iliyokufa huwa wanakuta kitu kilichoanza miezi mingi nyuma, kidogo, cha bei ndogo, kilichoahirishwa. Ndiyo maana naamini kazi hii igawanywe vipande, na kila kipande kifungwe kwenye muda ambao tayari upo katika siku: dakika za kungoja chai ichemke, muda wa kumsubiri abiria aliyeingia duka la dawa, nusu saa ya jioni injini ikiwa bado na joto. Kazi zenyewe hazihitaji gereji. Zinahitaji macho, kitambaa, spana chache na mafuta ya taa kidogo.

Asubuhi ni ya oili. Injini ya Boxer, ya TVS na ya pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba watu huku ni ya silinda moja, inapozwa na upepo, na inabeba oili ya lita moja hivi. Gari dogo hubeba kama lita nne, na giaboksi yake ina oili yake peke yake. Pikipiki haina nafasi hiyo. Lita ileile moja inalainisha pistoni, inalainisha gia, na inalowesha sahani za klachi. Ikipungua robo lita, kila kimoja kati ya hivyo kimepungukiwa kwa pamoja, na hakuna taa itakayowaka kukuonya.

Kuitazama hakuchukui muda. Isimamishe pikipiki kwenye stendi ya kati, mahali tambarare, kabla hujaiwasha. Kama injini ina kioo kidogo cha kuchungulia, oili iwe kati ya alama mbili. Kama ina kijiti, kichomoe, kifute, kichovye tena, usome. Kwenye pikipiki nyingi kijiti kinachovywa tu bila kukazwa, na wengi wanaokikaza kabla ya kusoma hujidanganya kwamba oili inatosha. Weusi peke yake si ugonjwa, kwa sababu oili inayofanya kazi hubeba uchafu wa injini. Ikiwa nyeupe-nyeupe, maji yameingia, na safari ya siku hiyo iahirishwe.

Kujua lini ibadilishwe ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu nzuri tu: waya wa kipima mwendo ulishakatika na namba za kilomita zimesimama. Kitabu cha chombo husema kilomita kadhaa, lakini kilomita hazionekani. Dawa yake iko kwenye daftari la hesabu ambalo mwendesha bodaboda tayari analo. Pikipiki nzima ya cc 125 au 150 hutembea kilomita 40 hadi 50 kwa lita moja. Anayeweka lita tatu kwa siku anazunguka kilomita 120 hadi 150, na katika siku sita anakaribia 800 au anazipita. Basi andika petroli badala ya kilomita. Lita 40 za petroli ni kama kilomita 1,600 hadi 2,000, na kwa vumbi hili, kwa vilima hivi na kwa magunia haya, hapo ndipo oili itoke. Pikipiki mpya isingoje hata hapo. Oili yake ya kwanza hutoka kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa kuwa vyuma vipya vinaposuguana kuzoeana huacha ungaunga wa chuma ndani.

Aina ya oili ina uzito kuliko jina la kampuni. Soma chupa. Namba kama 20W-50 au 10W-30 zifuate kitabu cha chombo, na pawe na maandishi JASO MA, alama ya kiwango cha Kijapani kinachoonyesha kwamba oili hiyo inafaa kwa klachi inayofanya kazi ikiwa imelowa. Oili nyingi za magari ya kisasa zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inaishi kwa msuguano. Ukiiweka, utagundua kwenye kilima: injini inapiga kelele zaidi, mwendo hauongezeki, abiria anaombwa ashuke. Oili ya kupimiwa kutoka pipa lililo wazi, yenye bei ya kuvutia, hakuna ajuaye imetoka wapi wala imewahi kutumika mara ngapi. Hiyo iachwe.

Kuimwaga ni kazi ya jioni, ukishafika nyumbani, injini ikiwa na joto la wastani ili oili itiririke na uchafu wake. Beseni chini, fungua nati, ngoja ichuruzike hadi itone tone moja moja, safisha chujio lake kama liko la wavu, rudisha nati pamoja na washa yake. Usiikaze kwa hasira. Sehemu ya chini ya injini ni alumini, na uzi wake ukishalika, utahitaji fundi wa mjini kwa kitu ambacho kingekazwa kwa mkono wa kawaida.

Oili chafu iende kwenye dumu lenye kifuniko. Wengi hupaka nguzo za uzio na mihimili ili mchwa wasile, na walau hapo inabaki kwenye mti. Kinachonisikitisha ni ile inayomwagwa nyuma ya nyumba au pembeni mwa kijito, na pikipiki zinazooshwa ndani ya maji yenyewe huku grisi ikielea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za aina hiyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Vijito vya Kibondo na Kasulu vinaelekea Malagarasi, mto unaolisha ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, ya kwanza nchini kuingizwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, kisha mto huo humwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Na kabla ya kufika huko mbali, kuna mama anayechota ndoo mita chache chini ya pale pikipiki ilipooshwa. Ndoo mbili za maji nyumbani zinatosha kuiosha, injini ikishapoa, kwa kitambaa na bila kuelekeza maji kwenye chujio la hewa wala kwenye ngoma za breki.

Chujio hilo la hewa ndilo ninaloona limesahaulika kuliko kitu chochote. Limefichwa chini ya kifuniko cha ubavuni, halipigi kelele, na likiziba pikipiki bado inaenda, ila kwa uvivu. Hapo mtu hushauriwa kijiweni alitoe kabisa ili injini ipumue. Kweli itapumua, na itavuta vumbi moja kwa moja. Ndani ya vumbi la barabara ya udongo mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikichanganyika na oili zinakuwa msasa, na kila mara pistoni ikipanda na kushuka, inasugua. Ringi zinalika, moshi wa bluu unaanza kutoka nyuma, oili inapungua bila kuvuja popote, na mwishowe silinda inahitaji kuchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Gharama hiyo ni hesabu za siku nyingi, mbali na siku ambazo chombo kimelala kwa fundi.

Kiangazi, lifungue kila wiki. Kama ni la sponji, lioshe kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni, likamue kwa kulibana bila kulisokota, lianike kivulini, kisha litie matone ya oili safi na ulibane tena ili ziada itoke. Sponji kavu hupitisha vumbi laini. Ule unyevu wa oili ndio unaolinasa. Kama ni la karatasi, halioshwi. Ligongegonge taratibu, lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, na likishakuwa jeusi linunuliwe jingine. Plagi itakwambia kama umefanya vyema: ncha yake ikiwa ya kahawia hafifu, injini inachoma sawasawa; ikiwa na masizi makavu, mara nyingi hewa haitoshi; ikiwa imelowa oili, ringi au mpira wa valvu umechoka, na hapo mwite fundi. Hii ni kazi ya kumsubiri abiria. Spana ya plagi inaingia mfukoni.

Cheni nayo ina imani zake. Huku kwetu inapakwa oili chafu iliyotoka kwenye injini, kwa sababu ipo na haina bei. Lakini oili hiyo imetoka na ungaunga wa chuma, ni nyepesi, inarukia kwenye rimu, na kinachobaki kinakusanya vumbi mpaka cheni inavaa koti jeusi. Bora kuisugua kwa brashi ya zamani ya meno na mafuta ya taa, kuifuta, kisha kuidondoshea oili nzito ya gia, ile ya namba 80 au 90, upande wa ndani wa cheni, huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Watu wamepoteza vidole kwa kuwasha injini ili cheni izunguke yenyewe. Ukimaliza futa ziada, maana inayohitajika ni ile iliyoingia kwenye maungio. Fanya hivyo jioni ili oili ipate usiku mzima wa kupenya. Petroli isitumike kusafishia, hasa karibu na jikoni ambako moto unawaka.

Mvutano wake upime katikati ya spoketi mbili, upande wa chini: inyanyue kwa kidole, icheze kama sentimita mbili hadi tatu. Izungushe uangalie mahali pengine, kwa kuwa cheni haichakai sawasawa. Iliyolegea huruka meno, na ikiruka kwenye mteremko wenye gunia nyuma inaweza kufunga gurudumu. Iliyokazwa mno inakula beringi, na magunia yakipanda na shokapu zikishuka inazidi kukazana. Ukiirekebisha, legeza nati ya ekseli, sogeza virekebishi vya pande zote mbili kwa alama zilezile, kaza tena, kisha pima breki ya nyuma kabla ya kuondoka, kwa sababu gurudumu likisogea na breki nayo husogea. Spoketi zenye meno yaliyochongoka na kuinama zibadilishwe pamoja na cheni. Cheni mpya juu ya spoketi kuukuu ni fedha iliyotupwa.

Kuhusu breki na matairi, kuna jambo jipya. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, iliingizwa katika mradi wa lami wenye mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na lami imebadilisha mwendo wa watu. Barabara ya udongo ilikuwa inavunja spoku, inalegeza nati na kuua shokapu, lakini ilikuwa pia inamlazimisha mtu kwenda polepole. Lami inasamehe shokapu mbovu na haisamehe breki mbovu. Pikipiki ileile iliyozoea kukanyaga breki kwenye mwendo mdogo sasa inashuka kilima kwa kasi mara mbili, na umbali wa kusimama hauongezeki mara mbili tu. Kasi ikizidi mara mbili, unahitaji kama mara nne ya umbali huo. Na barabara za kuingia vijijini bado ni za udongo, kwa hiyo siku moja inaanza kwenye tope na kumalizikia kwenye lami, ngoma za breki zikiwa bado zimejaa tope la asubuhi.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, isukume pikipiki hatua chache na ushike breki ya mbele peke yake, halafu ya nyuma peke yake. Pedali ya nyuma icheze sentimita mbili hadi tatu kabla ya kuanza kushika. Kwenye breki nyingi za ngoma kuna mshale mdogo unaoonyesha breki shuu zilipofikia. Ukikanyaga na mshale ukafika kwenye alama, kukaza nati ya nyuma hakusaidii tena. Kama umepita majini, endesha kidogo huku umeibana breki taratibu ikauke. Na breki ya mbele itumike. Bado wapo wanaoikwepa kwa hofu ya kupinduka, ilhali wakati wa kusimama uzito mwingi unahamia mbele, na gurudumu hilo ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Kwenye tope ishike kwa upole. Kwenye lami kavu iamini.

Upepo wa matairi hupimwa yakiwa baridi. Kwa nyingi ya pikipiki hizi ni karibu na PSI 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, zaidi ya 30 ukibeba. Kibandiko au kitabu cha chombo kina namba kamili. Kubonyeza kwa kidole gumba si kipimo. Vijiwe vingi vinaweza kuchanga kununua geji moja, na fundi pancha atawapenda. Pitisha pia ufunguo kwenye spoku wakati gurudumu linazunguka. Ile inayotoa mlio mzito kuliko wenzake imelegea. Taa, honi, indiketa na saiti mira vitazame ukiwa unaiwasha.

Petroli ya chupa inastahili tahadhari yake. Mbali na vituo vya mafuta, chupa ndiyo kituo, na wauzaji wengi ni waaminifu. Chupa yenyewe, hata hivyo, inaweza kuwa na maji au mchanga chini. Iache itulie, ichungulie kwenye mwanga, mimina kupitia kitambaa safi, na usimalizie la mwisho kabisa. Injini ikianza kukohoa baada ya kujaza, zima, funga koki ya mafuta, fungua skrubu ndogo iliyo chini ya kabureta na uache kilichomo kimwagike kwenye kikombe: maji yatakaa chini ya petroli na utayaona. Hilo halihitaji kulipia fundi. Kupima nafasi ya valvu, kufungua sahani za klachi na kunyoosha rimu ndiko kunakomhitaji fundi, na fundi mzuri hufurahi kuletewa chombo ambacho oili, chujio na cheni yake vimeshughulikiwa nyumbani.

Tangu 2010 nchi ina kanuni za leseni kwa pikipiki na bajaji za kubeba abiria, ambazo leo zinasimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, na zinagusa kofia ngumu na idadi ya abiria. Ila ni kwenye makubaliano kati ya tajiri na kijana wake ndipo ninapoona mzizi wa uchakavu mwingi. Mikataba mingi ni ya maneno, inataja fedha ya kila siku na idadi ya miezi, basi. Nani analipia oili? Nani analipia cheni? Siku ya fundi ni deni au si deni? Kijana asiye na jibu huendesha mpaka kitu kikatike, kwa kuwa akisimama jioni kusafisha chujio anapoteza abiria wawili na hesabu haimsubiri. Tajiri naye anarudishiwa mwisho wa mwaka injini inayotoa moshi, wanagombana, na kila mmoja ana haki ya nusu.

Karatasi moja ingetosha, iandikwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kama ilivyo desturi. Iseme oili itabadilishwa kila lita 40 za petroli na itoke kwenye fedha ya nani. Iseme cheni, spoketi na matairi ni ya nani, na pancha ni ya nani. Iweke kiasi kidogo kinachotengwa kila siku kwa spea kabla hesabu haijapelekwa, kikae kwenye simu ya mmoja wao huku mwingine akipewa taarifa. Na iseme wazi kwamba siku ya kubadilisha breki shuu haiongezwi kwenye deni la kijana.